Utosi umetuna, mwili una joto, mtoto ana wiki saba: je, ni chanjo?

Swali: "Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana wiki saba. Nilijifungulia nyumbani, mkunga wa kijiji ndiye aliyenisaidia. Jumanne mtoto alipata chanjo ya wiki sita, tulichelewa kidogo. Usiku ule alilia sana, kesho yake akawa sawa. Leo Jumamosi tangu asubuhi mwili una joto, ananyonya kidogo kisha anaachia titi, na utosi wake umetuna hata akiwa kimya. Duka la dawa walimpima malaria wakasema hana, wakanipa Panadol ya maji na amoxicillin. Mama mkwe anasema ni upepo umepanda kichwani, tuukande utosi kwa majani. Jirani anasema ni chanjo. Hospitali naogopa: mtoto wa dada yangu alichomwa sindano ya mgongo, akafariki. Niko Busia, upande wa Uganda. Naweza kusubiri Jumatatu kliniki ifunguliwe?"

Jibu: Marahaba, mama. Usisubiri Jumatatu, wala kesho. Mtoto wa umri huo mwenye joto, asiyenyonya vizuri, na ambaye utosi umetuna akiwa ametulia, anapaswa kuonwa leo hii, hata kama ni usiku. Nenda Kituo cha Afya cha Busia cha daraja la IV au hospitali ya Masafu, popote utakapofika haraka. Kituo kidogo cha daraja la II hakitakusaidia kwa hili, na jioni huenda ukakikuta kimefungwa. Kama kilicho karibu ni cha daraja la III, pita hapo na uombe mtoto apewe dozi ya kwanza ya sindano za antibiotiki kabla ya kupelekwa mbele. Wahudumu wa hapo wanajua utaratibu huo. Maelezo mengine yaliyo hapa chini unaweza kuyasoma ukiwa kwenye foleni.

Ukiwa njiani, usimbebe mgongoni. Mkumbatie mbele ili uone uso wake na kifua chake kikipanda na kushuka. Mvue kofia ya sufi, mfunike shuka moja jepesi. Kama yu macho na anameza, mpe titi mara kwa mara, hata mafunda mawili matatu, kwa sababu mtoto mdogo asiponyonya sukari ya damu hushuka upesi, na hiyo peke yake inaweza kumletea degedege. Akishikwa na degedege mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, angalia saa ujue imechukua muda gani. Chukua kadi yake ya chanjo, kadi yako ya uzazi, na chupa zote mbili za dawa. Watakuuliza alipewa mililita ngapi na saa ngapi, na jibu hilo lina uzito kuliko unavyofikiri. Nitalirudia.

Sasa tuzungumze juu ya utosi wenyewe, maana umezungukwa na maneno mengi.

Mifupa ya fuvu la mtoto haijaungana anapozaliwa. Pale mbele juu, mifupa minne inapokutana, hubaki uwazi wenye umbo la almasi, kwa wengi wenye upana wa sentimita 2 hivi, ingawa kuna watoto wazima kabisa wenye mdogo au mkubwa zaidi. Umefunikwa na ngozi na utando imara. Kuugusa au kumwosha kichwa hakumdhuru mtoto. Kwa walio wengi hufunga kati ya miezi 9 na 18. Kuna mwingine mdogo kisogoni, huo hufunga mapema, mara nyingi ndani ya miezi miwili. Utosi wa mbele kudunda pamoja na mapigo ya moyo ni kawaida. Kutuna kidogo mtoto anapolia, anapokohoa, anapotapika au anapolala chali ni kawaida pia. Huwa unarudi chini akitulia na akikalishwa wima.

Kwa hiyo utosi unapimwa hivi: mtoto amenyamaza, umemshika wima, kichwa kimeegemezwa mkononi mwako. Mtazame kwa ubavu, macho yako yakiwa sawa na utosi wake, kisha upitishe taratibu ncha za vidole viwili kutoka kwenye mfupa hadi kwenye utosi. Wa kawaida uko sawa na mfupa au umebonyea kidogo, na ni laini. Ule wa hatari umepanda juu ya mfupa na umekaza, kama mpira uliojazwa pumzi. Usibonyeze kwa nguvu, na usirudie kila dakika tano. Wewe umeandika kwamba umetuna hata akiwa kimya. Kama alikuwa amelala chali, mkalishe uangalie mara moja. Lakini hata ukiuona umeshuka kidogo, safari iko palepale. Joto na kuachia titi vinatosha kukupeleka.

Kuna jambo wazazi wengi hawaambiwi: utosi usiotuna hauthibitishi kwamba mtoto ni mzima. Watoto wengi wachanga wenye homa ya uti wa mgongo, yaani maambukizi ya utando unaofunika ubongo, hawana utosi uliotuna, hasa mwanzoni, na aliyeishiwa maji kwa kutapika anaweza kuwa na utosi wa kawaida kabisa wakati ubongo wake unaugua. Shingo kukakamaa, ambayo watu huitafuta sana, kwa umri huu mara nyingi haipo. Kinachosema kweli zaidi ni mwenendo wa mtoto: ananyonya? anaamka ukimgusa? kilio chake ni kile cha siku zote, au kimekuwa chembamba na kikali, na akibebwa ndiyo kwanza anazidi? Joto la kwapani la digrii 38 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili ni dalili ya hatari. Mwili kupoa chini ya 35.5 ni hatari vilevile, jambo ambalo watu husahau. Pumzi 60 au zaidi kwa dakika nzima, kifua kuzama ndani kwa nguvu anapovuta hewa, degedege, au kutojigeuza mpaka achokozwe: moja tu kati ya hizo inatosha.

Kwa nini utosi hupanda? Ndani ya fuvu kuna vitu vitatu: ubongo, damu, na maji ya uti wa mgongo. Maji hayo hutengenezwa ndani ya vyumba vya ubongo, huzunguka, kisha hurudi kwenye damu bila kukoma. Kimojawapo kikizidi, presha hupanda, na utosi ndio mahali pekee ambapo macho yako yanaweza kuiona. Upepo hauna njia ya kuingia humo. Vijidudu vinaweza kuvimbisha utando wa ubongo na kuongeza maji. Damu inaweza kuvuja. Au njia ya maji inaweza kuziba. Hizo ndizo sababu kubwa, na zote tatu zinaangukia kwenye maelezo yako kwa kiasi fulani.

Nianze na chanjo. Jirani hajatunga. Siku chache za kwanza baada ya chanjo ya wiki sita mtoto anaweza kupata joto, na mara chache sana utosi hutuna kwa muda mfupi kisha unarudi, mtoto mwenyewe akiwa mchangamfu na ananyonya. Lakini joto la chanjo hiyo huanza siku ileile au inayofuata, na huisha ndani ya siku mbili hivi. Wako alichanjwa Jumanne, Jumatano akawa mzima, joto limeanza Jumamosi. Hesabu haikubali. Hata kama ingekubali, hakuna daktari makini atakayesema "ni chanjo" kwa mtoto wa wiki saba mwenye utosi uliokaza kabla hajamchunguza. Hilo ni hitimisho la mwisho, baada ya mengine kuondolewa. Vitamini A nayo inaweza kutunisha utosi kwa siku moja mbili, ila nchini Uganda hutolewa kuanzia miezi 6, kwa hiyo haikuhusu, isipokuwa kama kuna mtu aliyempa matone bila wewe kujua.

Malaria je? Kipimo cha duka kikiwa hasi, ni habari nzuri, hospitali watarudia. Ninachoogopa zaidi ni upande wa pili: kipimo kikiwa chanya, watu hupumua, humpa dawa ya malaria, na homa ya uti wa mgongo inaendelea chini yake. Mtoto anaweza kuwa navyo vyote viwili. Ukiambiwa ni malaria, bado uliza: na utosi huu?

Ulipotaja kuzaliwa nyumbani nilisimama. Mtoto azaliwapo kituoni huchomwa vitamini K miligramu 1 pajani, kwa sababu akiba yake ni ndogo na maziwa ya mama yana kidogo sana. Asiyeipata anaweza kuvuja damu, mara nyingi kati ya wiki ya 2 na ya 12, na mahali pabaya damu inapopenda kuvuja ni ndani ya fuvu. Mtoto wa namna hiyo hupauka viganja na midomo, huenda akatokwa na damu kitovuni au puani, au akawa na alama za kuvilia bila kuanguka. Utosi hutuna, degedege hufuata. Basi sentensi ya kwanza utakayomwambia mhudumu iwe hii: "Alizaliwa nyumbani, sina hakika kama alipata vitamini K." Atajua la kufanya, na sindano hiyo inaweza kutolewa palepale. Ni neno muhimu pia kabla ya sindano ya mgongo, maana damu isiyoganda hubadilisha mpango. Mwambie vilevile kama mtoto alianguka, au kama kuna aliyemtikisa kwa hasira alipokuwa akilia. Hakuna aibu katika kulisema hilo. Ni la matibabu. Na kama una virusi vya UKIMWI, au chupa ya uzazi ilipasuka zaidi ya siku nzima kabla ya kujifungua, yaseme.

Mama mkwe mweleze kwa heshima: mtoto anapelekwa hospitali, majani yasimamishwe. Kukanda utosi hakushushi presha, na nguvu ya mkono inaweza kumuumiza. Majani juu ya ngozi yenye mchubuko ni mlango wa vijidudu. La kunywa lisimwingie kabisa; wiki saba ni maziwa ya mama tu. Na akitokea mtu akasema joto hili ni la "meno ya uongo", yale yanayoitwa ebiino, kwamba aitwe fundi ayang'oe, kataa bila kujadili. Hayo ni machipukizi ya meno halisi, na kifaa kichafu kwenye ufizi wa mtoto mwenye homa humwingiza vijidudu kwenye damu. (Bibi anaweza kusaidia sana kwa kazi nyingine: kushika watoto waliobaki na kupika chakula cha kukuletea wodini.)

Tufike kwenye sindano ya mgongo, kwa sababu naamini ndiyo inayokufunga miguu. Pole kwa msiba wa dada yako. Hofu hiyo imeenea Uganda nzima, na ina chanzo chake: watoto wengi huletwa wakiwa hoi, sindano hufanywa siku hiyohiyo, mtoto anafariki, na macho ya familia hubaki kwenye sindano. Kinachoua ni ugonjwa uliochelewa kutibiwa. Utaratibu wenyewe ni huu. Mtoto hulazwa ubavu, amekunjwa magoti yaende tumboni, mhudumu mmoja akimshika imara huku akiangalia pumzi na rangi yake. Mgongo husafishwa kwa dawa. Sindano nyembamba huingizwa chini kabisa, kati ya pingili za kiuno, mahali ambapo uti wenyewe umeshakwisha na kilichobaki ni mishipa inayoelea kwenye maji. Ndiyo maana haupoozeshi miguu. Hutolewa matone kadhaa, mililita 1 au 2 hivi, na mwili huanza kuyarudishia mara moja. Kwa mkono uliozoea ni kazi ya dakika chache, na anayelia zaidi ni mama.

Maji hayo yana majibu ambayo kipimo cha damu hakiwezi kutoa. Yakiwa angavu kama kawaida, chembe nyeupe chache, sukari ya kutosha, homa ya uti wa mgongo inaweza kuondolewa na mtoto akapunguziwa sindano za wiki nzima. Yakiwa na ukungu, chembe nyingi, sukari imeshuka, tiba inajulikana na muda wake unajulikana, na maabara inaweza kuotesha kijidudu ili daktari achague dawa inayokiua hicho. Hapa ndipo ile amoxicillin ya duka inaposumbua. Dawa ya kunywa haifiki kwenye ubongo kwa kiwango cha kutibu, ila inatosha kuvidhoofisha vijidudu visiote maabara. Ndiyo sababu nilisema ubebe chupa. Usimpe tena. Panadol nayo ikishusha joto kwa saa chache isikudanganye ukageuza boda boda njiani.

Kuna nyakati sindano hiyo huahirishwa kwa haki: mtoto anapumua kwa shida au amezirai, mboni za macho hazilingani, kuna kidonda mahali pa kuchoma, au kuna shaka ya damu kutoganda. Utosi kutuna peke yake si kizuizi. Kwa mtoto mchanga uwazi huo huipa presha nafasi, jambo ambalo mtu mzima hana. Ikiahirishwa, dawa hazingoji. Antibiotiki huanza kwanza, sindano hufuata akitengemaa. Una haki ya kuuliza nani ataifanya na kwa nini, na kuomba uelezwe majibu. Ukikataa kabisa, usiondoke na mtoto: mwambie daktari aanze dawa hata hivyo. Itakuwa tiba ya kukisia, pengine ndefu kuliko ilivyohitajika, lakini inazidi kwa mbali kurudi nyumbani.

Jiandae kukaa. Kwa umri huu kwa kawaida huanza ampicillin na gentamicin, au antibiotiki nyingine yenye nguvu kama cefotaxime au ceftriaxone, zote za kupitia mshipa au msuli, na ikithibitika ni homa ya uti wa mgongo matibabu huenda hadi wiki tatu. Siku ya nne mtoto atakuwa ananyonya na utosi umeshuka, nawe utatamani nyumbani. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa sababu vijidudu vilivyobaki huamka. Beba shuka, beseni, sabuni na nguo za mtoto, na mpange nyumbani nani atakuletea chakula. Kama mkononi mna hela ya nauli tu, ondoka na hiyo; mengine yatafuata. Usikubali kuruhusiwa bila kujua dozi zimekamilika ngapi.

Wanaweza pia kumfanyia ultrasaundi ya kichwa kupitia utosi huohuo. Haina mionzi, haiumi, na inaonyesha vyumba vya maji vilivyopanuka au damu iliyokusanyika. Kama mashine haipo ulipo, au damu inashukiwa, mtoto atapelekwa hospitali ya rufaa ya Mbale. Kubali rufaa hiyo, na uulize kama gari la wagonjwa lipo kabla hujatafuta la kukodi.

Wengine wanaosoma wana watoto ambao utosi umepanda polepole, bila joto, kwa wiki kadhaa. Hiyo ni njia nyingine: fikiria kichwa maji, yaani maji ya ubongo kukusanyika ndani ya fuvu. Mishipa ya kichwa huonekana, mifupa huachana, macho huelekea chini mpaka weupe unaonekana juu ya mboni. Pima mzingo wa kichwa kwa utepe usiovutika, juu tu ya nyusi na kwenye sehemu iliyotokeza zaidi kisogoni, mara tatu, uandike kilicho kikubwa. Mvulana wa kawaida huwa na sentimita 34.5 hivi akizaliwa, 39.1 akiwa na miezi miwili, 43.3 akiwa na sita. Wasichana ni pungufu kidogo. Namba moja haisemi mengi. Kichwa kinachoongezeka sentimita 1 au zaidi kwa wiki, wiki mbili mfululizo, kinahitaji hospitali wiki hiyohiyo.

Na si jambo geni kwetu. Hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale imewatibu watoto wa kichwa maji tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na daktari wa upasuaji Benjamin Warf, aliyefanya kazi hapo, alionyesha mwaka 2005 kwamba takriban watoto sita kati ya kila kumi walikuwa wamepata tatizo hilo baada ya maambukizi, mengi yakiwa ya mwezi wa kwanza wa maisha. Kuna njia mbili za upasuaji. Moja ni mpira mwembamba unaopeleka maji tumboni. Hufanya kazi vizuri, lakini unaweza kuziba au kuingiwa na vijidudu hata baada ya miaka, na anayekaa mbali na hospitali anapaswa kulijua hilo. Nyingine ni kutoboa njia mpya ndani ya ubongo kwa kamera ndogo na kuchoma sehemu ya tishu inayotengeneza maji. Haiachi mpira mwilini, ila kwa baadhi hushindwa, mara nyingi ndani ya miezi sita ya kwanza. Utafiti uliofanyika Mbale kwa watoto 100 wa chini ya miezi sita, ukachapishwa mwaka 2017, haukuona tofauti kubwa ya uwezo wa akili kati ya njia hizo baada ya mwaka mmoja. Uamuzi basi hutegemea sana umbali wa nyumbani na jinsi vyumba vya ubongo vinavyoonekana.

Hili linakuhusu wewe pia, mama, hata mwanao akipona. Baada ya homa ya uti wa mgongo maji yanaweza kuanza kuziba wiki au miezi baadaye, mtoto akiwa anacheka. Mpime kichwa kila wiki kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha kila mwezi hadi afikishe mwaka, na uandike kwenye kadi. Omba pia apimwe masikio ndani ya wiki nne baada ya kutoka wodini, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kuchukua usikivu bila kelele yoyote, na wazazi hugundua mtoto anapochelewa kusema.

Chanjo ya wiki ya 10 usiiache kwa hofu ya hii iliyopita. Ndani yake kuna kinga dhidi ya Hib na nyumokokasi, vijidudu viwili vinavyoleta homa hiihii ya uti wa mgongo. Kama bado yuko wodini siku hiyo ikifika, mwulize muuguzi atachanjwa lini, na umwonyeshe kadi.